Draiva ya mtandao ndani ya kilobaiti 640

Shikamooni wakubwa, na vijana mambo vipi. Hii ni ile hotuba yangu kuhusu kompyuta za mwanzo, nimeiandika kwa sababu wengi mliniomba, nimeiacha vile vile nilivyoongea.

Kuna kitu kila aliyefanya kazi na DOS, ule mfumo wa kuendesha kompyuta kabla ya Windows, anakijua. Mashine ina megabaiti 4 za RAM, umezichomeka mwenyewe, ukiwasha unaona kabisa BIOS, ile programu ya kuwashia mashine, inazihesabu mpaka mwisho, alafu ukishaingia kwenye mtandao ukiita programu yako ya kazi inagoma, inakwambia programu ni kubwa mno haienei kwenye memori. Na programu yenyewe inataka labda kilobaiti 560 tu! Megabaiti 4 ni kilobaiti 4,096, sasa hizo zingine zimeenda wapi? Vijana wakisikia hivo wanasema aah, zamani memori ilikuwa kidogo. Hapana jamani. Memori ilikuwepo, imekaa pale kwenye bodi na umeme unapita. Kilichokuwa hakitoshi ni anwani, yani namba ambazo prosesa anazitumia kutaja kila sehemu ya memori, na mtu akilishika hilo basi mambo yote ya HIMEM na EMM386 (programu za kusimamia memori) na kupandisha draiva juu (draiva ni programu ndogo inayoendesha kifaa) ambayo watu walikuwa wanayakariri tu bila kuyaelewa, yanakaa sawa yenyewe.

Tuanze na prosesa. IBM PC ilitoka Agosti 1981 ikiwa na Intel 8088, na hiyo 8088 ina pini 20 za anwani, kwa hiyo inaweza kutaja sehemu 1,048,576 tofauti basi, hakuna zaidi, hata ukiijazia RAM ya namna gani haina namna ya kuitaja. Mwaka ule megabaiti 1 ilionekana haiwezi kuisha, ile kompyuta ya kwanza ilikuja na kilobaiti 16 na bodi yake ilikuwa inapokea mpaka 64 tu. Sasa IBM wakazigawa hizo anwani. Kuanzia sifuri mpaka kilobaiti 640 ni za RAM, hapo inakaa DOS na programu zako, na kuanzia 640 kwenda juu, zile 384 zilizobaki, wakaziacha kwa ajili ya vifaa, yani memori ya skrini, ROM za kadi mbalimbali, na BIOS yenyewe kule juu kabisa. Kwa hesabu za heksadesimali mpaka upo A0000, ikumbukeni hiyo namba. Kuna maneno wanamsingizia Bill Gates kwamba alisema 640 zinamtosha kila mtu, mwenyewe amekana, na kwa vyovyote mpaka ule aliuweka IBM kwenye mchoro wa mashine.

Alafu kuna jambo la rejista. Rejista za 8088 ni biti 16, na biti 16 zinafika 65,535 tu, sasa unatajaje anwani ya biti 20? Intel wakatumia namba mbili, segimenti na ofuseti, unachukua segimenti unaizidisha kwa 16 alafu unajumlisha ofuseti. Ndio maana tulikuwa tunaandika anwani kama D000:0000 na sio namba moja. Msiidharau hii hesabu kwa sababu baadae ntawaonyesha jinsi ilivyotupa kilobaiti 64 za bure ambazo hakuna aliyezipanga.

Sasa ndani ya zile 640 kuna nani? Chini kabisa kwenye anwani sifuri kuna jedwali la vekta za intarapti (intarapti ni ishara ya kumkatiza prosesa kazi), vekta 256 kila moja baiti 4, jumla baiti 1,024. Hizo ndizo zinamwambia prosesa kwamba intarapti namba fulani ikigonga, ruka uende anwani fulani. Juu yake kuna data za BIOS, alafu DOS yenyewe, alafu draiva za CONFIG.SYS, lile faili la mipangilio ambalo DOS inalisoma ikiwaka, alafu nafasi za FILES na BUFFERS, alafu COMMAND.COM inayopokea amri zako, alafu programu zile za kukaa, yani ukishaziita zinabaki ndani hata ukirudi kwenye prompti, za mausi, za kibodi, na za mtandao. Kinachobaki ndicho programu yako inapewa. Kwa hiyo kila anayekaa chini anakula nafasi ya anayekuja baada yake, moja kwa moja.

Na hapo ndipo draiva ya mtandao inapokuwa na shida ya peke yake. Fikirini diski: programu inaomba faili, DOS inaenda kuchukua, inarudi. Diski haiji kukuamsha bila kuombwa. Lakini mtandao unakuja saa yoyote. Chukua kadi ya mtandao ya NE2000, ambayo karibu kila mtu aliigusa ile au nakala zake. Ina memori yake ndogo ya kilobaiti 16 kwenye kadi. Ethernet ya megabiti 10 kwa sekunde, fremu, yani kifurushi kimoja cha data, kubwa kabisa ni baiti 1,518, inachukua kama milisekunde 1.2 kupita kwenye kebo. Kwa hiyo ile kilobaiti 16 ukitoa sehemu ya kutumia inashika fremu kubwa kama 9 hivi, yani ukichelewa kama milisekunde 11 wakati seva inamimina data, kadi imejaa na fremu zinaanza kudondoka. Kadi inapiga intarapti, prosesa anaacha chochote alichokuwa anafanya, anaangalia vekta, anaruka kwenye kodi ya draiva, draiva inavuta fremu kupitia poti kuiweka kwenye bafa, alafu kazi inaendelea. Hii inatokea katikati ya programu yako, katikati ya herufi unayoandika, bila programu kujua lolote.

Sasa shikeni hapa. Vekta ina baiti 4, mbili za segimenti mbili za ofuseti, kwa hiyo kile inachokielekezea lazima kiwe kwenye anwani ambayo segimenti na ofuseti zinafika, yani ndani ya ile megabaiti 1. Draiva haiwezi kukaa kwenye megabaiti ya 3 alafu ikasema mkiniita ntakuja. Prosesa akiwa kwenye hali ya DOS hajui kama megabaiti ya 3 ipo. Programu kubwa ya mahesabu yenyewe inaweza kupakia kipande, ikakitoa, ikapakia kingine. Diski cache inaweza kuweka data zake mbali ikaenda kuzichota pole pole. Draiva ya mtandao haina huo uhuru, lazima iwepo muda wote na ionekane muda wote. Ndio maana nasema ukiielewa draiva ya mtandao umeielewa memori yote ya DOS.

Na haikuwa draiva moja. Mwanzoni kwenye mitandao ya Novell ulikuwa na IPX.COM ya kuongea na kadi na juu yake NETX ya kukuletea diski za seva, basi, lakini hiyo IPX.COM ulikuwa unaitengeneza kwa ajili ya kadi yako hasa na settingi zake, ukibadili jampa moja (kale kaplagi ka kuchagua settingi) kwenye kadi inabidi urudi uitengeneze upya. Na ilikuwa imeimiliki kadi peke yake, ukitaka na TCP/IP ipite kwenye kadi ile ile huna njia. Ikaja ODI, mpango mpya wa draiva, ikavunja kazi katika vipande: LSL inayounganisha kadi na protokoli, alafu draiva ya kadi, alafu IPXODI ya protokoli ya IPX, alafu NETX na baadae VLM, na settingi zikahamia kwenye faili la maandishi linaloitwa NET.CFG ambalo unalifungua na editor yoyote:

LINK DRIVER NE2000
   INT 5
   PORT 300
   FRAME ETHERNET_802.2

Mimi hii naiheshimu sana mpaka leo. Mistari minne, inasoma kama maelezo, na protokoli mbili zinatumia kadi moja. Microsoft na 3Com nao walikuwa na NDIS yao yenye PROTOCOL.INI, wazo ni lile lile. Na upande wa vyuo na watu wa intaneti kulikuwa na packet driver, kitu kilichotoka FTP Software, ambayo binafsi naiona ndiyo safi kuliko zote: unaiita kwa mstari mmoja, NE2000 0x60 5 0x300, unaiambia kaa kwenye intarapti ya programu namba 60, kadi ipo intarapti 5, poti 300, na programu yoyote inayotaka mtandao inazunguka kuanzia 60 mpaka 80 inatafuta maneno PKT DRVR, ikiyakuta imeipata draiva. Namba zote hizo za 60, 80 na 300 ni za heksadesimali. Russell Nelson akakusanya hizo draiva za kadi nyingi, zikajulikana kama mkusanyiko wa Crynwr, na kodi yake ilikuwa wazi, unaisoma. Ndogo, hazina makuu, zinakula kilobaiti chache.

Lakini ile ODI na vipande vyake vinne, na NETX ndiyo ilikuwa nene kuliko wenzake, ukiweka na mausi na cache ya diski, unakuta umebaki na kilobaiti 480 na kitu, na programu inataka 560. Sasa unafanyaje?

Watu walitafuta njia kabla hata ya draiva kuwa tatizo. Mwaka 1985 Lotus, Intel na Microsoft wakakubaliana juu ya EMS. Akili yake ni hii: kule juu ya A0000 kuna anwani hazina mtu, chukua kilobaiti 64 hapo, zigawe kurasa nne za kilobaiti 16, alafu kadi ya memori ina megabaiti kadhaa nyuma, na wewe unaiambia kadi sasa hivi nionyeshe ukurasa namba fulani kwenye dirisha hili. Anwani zile zile, memori tofauti kila saa. Kwa jedwali la Lotus 1-2-3 ilikuwa ukombozi. Kwa draiva ya mtandao, sio sana, maana intarapti ikigonga wakati dirisha linaonyesha ukurasa wa mtu mwingine, draiva inakuwa haipo. Novell walitoa EMSNETX, lakini hata hiyo lazima iache kipande chake chini cha kubadilisha kurasa.

Alafu zile 64 za bure nilizowaahidi. Chukueni segimenti ya juu kabisa, FFFF, zidisha kwa 16 unapata FFFF0, jumlisha ofuseti ya juu kabisa FFFF, unapata 10FFEF. Hiyo imevuka megabaiti 1! Kwenye 8088 haina pini ya 21 kwa hiyo namba inazunguka inarudi sifuri. Lakini 286, prosesa ya Intel iliyokuja baadae, ina pini 24. Kwa hiyo IBM walipotoa PC/AT mwaka 1984 kukawa na programu za zamani zinategemea ule mzunguko, zingevunjika, na IBM wakaweka geti kwenye waya wa anwani namba 20, ndio A20 hiyo mnayoisikia, na swichi ya hilo geti wakaiunganisha kwenye kontrola ya kibodi, 8042, kwa sababu ilikuwa na pini ya ziada. Ndio, kontrola ya kibodi ndiyo inaamua kama prosesa aione memori iliyovuka megabaiti 1 au asiione. Geti likifunguliwa, unapata baiti 65,520 juu ya megabaiti 1 zinazotajika kwa segimenti na ofuseti za kawaida kabisa, bila kubadili hali ya prosesa. Hiyo ndiyo HMA. Anayeisimamia ni HIMEM.SYS, na ilikuwa na orodha ya namna mbalimbali za kufungua hilo geti kwa sababu kila mtengenezaji wa mashine alilifanya kivyake.

HMA inapewa programu moja tu, haigawanywi kienyeji. MS-DOS 5 ya Juni 1991 ndiyo ilileta ule mstari wa DOS=HIGH, DOS yenyewe inahamia huko inaacha nafasi chini. DR DOS walikuwa wameshawatangulia mwaka mmoja kwenye mambo haya, tuwape haki yao.

Sasa prosesa ya 386 ndiyo ilibadilisha mchezo kabisa. 386 ina uwezo wa kurasa, yani anwani anayoitaja programu na memori halisi inayofikiwa sio lazima ziwe kitu kimoja, katikati kuna jedwali, na ina hali inayoitwa virtual 8086 ambamo DOS inadhani iko kwenye 8088 yake ya zamani kumbe kuna msimamizi juu yake. Huyo msimamizi ni EMM386, na kwa waliokuwa na hela kidogo kulikuwa na QEMM ya Quarterdeck. Anachofanya: anaangalia kule juu, kati ya segimenti C800 na EFFF, wapi hakuna kadi, ni kilobaiti 160 hizo kama hujaweka chochote, alafu anachukua RAM kutoka kwenye megabaiti zako zilizolala anaibandika kwenye anwani hizo, vipande hivyo ndivyo vinaitwa UMB. Mnaona sasa? RAM ilikuwepo siku zote, imepewa anwani ambazo segimenti na ofuseti zinazifikia, na ghafla draiva ya mtandao inaweza kukaa huko na vekta ikaielekezea. Nzima nzima, bila kugusa zile 640.

CONFIG.SYS ya mtu aliyejua kazi ilikuwa hivi:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS X=D000-D3FF
DOS=HIGH,UMB
FILES=40
BUFFERS=20
LASTDRIVE=E

NOEMS inasema sitaki lile dirisha la kilobaiti 64 la EMS, nirudishie hizo anwani niweke draiva. LASTDRIVE=E inasema herufi za mashine zinaishia E, na NETX ilikuwa inaanzia herufi inayofuata, ndio maana mtandao wa Novell ulianzia F. Huo mstari wa pili una X yake, hapo nataka tukae kidogo.

Kuna kadi kama NE2000 ambazo data unazivuta kupitia poti. Na kuna kadi za aina nyingine, kama zile za Western Digital, WD8003 na WD8013, ambazo memori yao unaiona moja kwa moja kwenye anwani za prosesa, mara nyingi D000, kilobaiti 8 au 16. Zina kasi nzuri kwa sababu prosesa anakopi tu. Lakini hiyo memori ya kadi haionekani mpaka draiva iiwashe. Sasa mashine inawaka, EMM386 inapita mapema kwenye CONFIG.SYS inakagua, inafika D000, inakuta kimya, inasema hapa hakuna mtu, inabandika RAM. Dakika inayofuata AUTOEXEC.BAT, faili la amri zinazoendeshwa mashine ikiwaka, inaita draiva ya mtandao, draiva inaamsha kadi, kadi inajitokeza D000 kweli kwenye waya wa bodi, lakini jedwali la kurasa la 386 linasema D000 ni RAM fulani kule megabaiti ya 2, kwa hiyo prosesa hatoiona kadi kamwe. Na ubaya wake ni kwamba draiva ikijaribu kupima, ikiandika baiti alafu ikaisoma, inapata kile kile ilichoandika, maana ni RAM halali! Inaridhika. Alafu inaanza kuandika pakiti za kutuma pale, kadi inatuma takataka zilizokuwa kwenye memori yake yenyewe, na kama draiva ya mausi ilikuwa imepandishwa juu ikaangukia D000, inafutwa katikati ya kazi. Mtu anaona mausi imekufa, anabadili mausi. Anabadili kebo. Anabadili hata kadi! Kumbe dawa ni herufi moja, X=D000-D3FF, yani EMM386 hizo anwani usiziguse. Ukweli ni kwamba mimi fundi aliyenielezea hiyo herufi X bila kuangalia mahali nilimwamini na mashine yoyote.

Kupandisha draiva juu nako kulikuwa na adabu yake. Watu wengi waliandika LH, amri ya kupakia programu kule juu, mbele ya kila mstari wakaishia hapo. LH ikikosa nafasi juu hailalamiki, inaipakia chini kimya kimya, na usipoangalia kwa MEM /C, amri inayoonyesha nani amekaa wapi, hujui. Na draiva nyingi zinahitaji nafasi kubwa wakati wa kuanza kuliko zikishatulia, maana kuna kodi ya kuanzia inayotafuta kadi, inasoma NET.CFG, alafu inatupwa. Yani programu itakayobaki na kilobaiti 20 inaweza kutaka 50 mlangoni, na kipande kilichopo juu ni 40, basi imeshuka chini. Kwa hiyo unaanza na zile kubwa wakati nafasi bado pana, zile ndogo zinajipenyeza mwisho. Lakini za mtandao zina mfuatano wake, LSL lazima itangulie kadi na kadi itangulie IPXODI, huwezi kuzipanga kwa ukubwa unavyotaka, kwa hiyo unazungusha wengine, mausi na cache, kuzizunguka. MS-DOS 6 ya 1993 ilileta MEMMAKER ifanye hiyo kazi, inajaribu mipango mingi inachagua. Sio mbaya, ila haijui kazi yako, na haikukagulii kila kadi.

Kingine kidogo ambacho wengi hawakijui. Kila programu ya kukaa inapoingia inapewa nakala yake ya environment, yani PATH na zile SET zote, na nyingi hazirudishi ile nakala. Kwa hiyo ukiweka PATH ndefu na SET kumi juu ya AUTOEXEC.BAT, alafu ndio unaita LSL, kadi, IPXODI, NETX, kila mmoja amebeba mzigo huo. Ziweke SET zako baada ya draiva. Ni baiti mia kadhaa kila moja, sio nyingi, lakini mara nyingi programu inakosa kilobaiti 1 au 2 tu ili iingie, na hizo ndizo hizo.

Kutoa nako ni kinyume cha kuingia: NETX U, IPXODI U, NE2000 U, LSL U. Sababu ni vekta zile zile. Kila mmoja anapoingia anachukua vekta anaandika anwani yake, anaikumbuka ya mwenzake aliyemtangulia. Ukimtoa wa katikati, wa juu anaendelea kumwita aliyeondoka, prosesa anaruka kwenye memori ambayo sasa ni ya kitu kingine, mashine imeganda.

Za intarapti ntapita haraka. NE2000 ilitoka kiwandani ikiwa kwenye intarapti 3, na 3 ni ya COM2, poti ya pili ya serial. Dalili ya mgongano ni ya kipekee: draiva inapakia vizuri kabisa, inakuonyesha mpaka namba ya kadi, alafu NETX inasema haioni seva. Watu wanachanganyikiwa, kadi si imeonekana? Imeonekana kwa sababu kusoma namba ni kazi ya poti, haihitaji intarapti. Kupokea jibu la seva ndiko kunahitaji. Ukiona hivo usiguse kebo, nenda kwenye jampa, weka 5, rekebisha NET.CFG.

Sasa haya yaliishaje. Windows for Workgroups 3.11 mwaka 1993 ilileta draiva za mtandao za biti 32 zinazokaa kwenye hali ya protected, ambako prosesa anaiona memori yote na intarapti zinaenda kwa draiva popote ilipo. Ghafla mtandao unakula karibu sifuri kwenye zile 640. Windows 95 ikafanya hivyo ndio kawaida, Agosti 1995, na LH na UMB vikaanza kusahaulika. Tatizo liliondoka kwa kuongeza anwani, sio kwa kuongeza RAM, RAM tulikuwa nayo tayari.

Na kwa wale mnaodhani imeisha, mnakumbuka zile mashine za Windows XP ya biti 32, mtu anaweka gigabaiti 4 anaona 3 na kitu? Biti 32 zinataja gigabaiti 4 kamili, na kadi ya skrini na kadi ya mtandao na vifaa vingine vya PCI navyo vinahitaji anwani, vikapewa zile za juu chini ya mpaka wa 4, na RAM iliyokuwa nyuma yake ikakosa jina. Ni A0000 ile ile, imehamia juu tu. Watu walirudisha RAM dukani wakidhani ni mbovu.

Mwisho, mtu akitaka kuyaona haya kwa macho yake asitafute mashine ya 1991. Chukua FreeDOS, ule mradi aliouanzisha Jim Hall mwaka 1994, iweke ndani ya QEMU, programu ya kuigiza kompyuta nzima, ambayo inaigiza na NE2000 ya ISA. Mwambie QEMU kadi ikae poti 300 na intarapti unayoitaka, washa packet driver kwa intarapti hiyo hiyo, alafu chukua programu za mTCP za Michael Brutman, ambazo zinatumia packet driver, omba anwani ya IP kwa DHCP na upige ping. Kabla ya kuwasha draiva andika MEM /C, baada ya kuwasha andika tena. Alafu izime, ipakie kwa LH, andika MEM /C mara ya tatu, uangalie kwenye safu ipi imekaa. Ukimaliza hapo ibadili intarapti upande wa draiva tu, QEMU uiache kama ilivyo, uone kadi inavyoonekana vizuri kabisa na DHCP ikikaa kimya.